Saa Ishirini na Nne za Mkanda

Saa nne usiku simu ilikuwa bado kimya juu ya meza ya cherehani, na Mama Rubani alikuwa amekwisha kufumua pindo lilelile mara tatu. Binti yake aliahidi kupiga simu mchana, akitoka tu kupimwa afya. Kila mwaka marubani hupimwa macho, masikio, moyo na presha, na asiyepita harushi ndege. Mchana ulipita, jioni ikapita. Akajiambia simu imeisha chaji. Akajiambia foleni ya daktari ilikuwa ndefu. Moyo ukamjibu kwamba hakuna foleni inayofika saa nne usiku.

Jina hilo la Mama Rubani alipewa na jirani wa ukuta mmoja, siku binti alipotoka mlangoni kwa mara ya kwanza na shati jeupe lenye mistari mabegani. Kabla ya hapo alikuwa Fundi tu, mjane aliyeishia darasa la saba na kumsomesha mtoto kwa sindano. Jirani alianza kwa utani, mtaa ukaufanya jina, na mwenyewe alijifanya halipendi.

Saa tano kasoro mlango ulilia. Binti aliingia, akamwamkia, akaketi bila kuvua viatu. Mama aliliacha pindo. Akamwekea maji, akasimama.

Presha ilikuwa imegoma. Daktari alipima mara tatu: mia moja sabini, mia moja sabini na tano, mia moja themanini. Kila binti alipoambiwa atulie, ndivyo ilivyopanda. Aliogopa kuja kulisema hilo nyumbani, akazunguka mjini mpaka giza likamrudisha. Ana kimashine chake chumbani, na akijipima peke yake, mlango umefungwa, kinasoma mia moja ishirini siku zote. Lakini daktari hasaini namba za chumbani. Leseni imewekwa kando mpaka ijulikane kama ni ugonjwa au ni woga. Ikiwa ni ugonjwa, atatibiwa kwa miezi, na kiti chake kwenye ile ndege ya abiria kumi na wawili kitapata mtu mwingine.

"Mimi si mwoga, mama," alisema. "Nimetua kwenye mvua na injini moja. Lakini nikiuona ule mkanda wa presha tu, damu inanipanda kama nimefumaniwa."

Mama alielewa kuliko binti alivyodhani. Miaka ishirini na mitano ya kupima watu ilimfundisha kwamba mteja akizungushiwa futi kiunoni hubana tumbo, hata awe mtu mzima na heshima zake. Ukishona kwa kipimo hicho, gauni linarudi wiki ileile. Kwa hiyo yeye humsemesha mteja habari za mtaa, za harusi na za talaka, mpaka tumbo lirudi mahali pake, ndipo apime. Alimweleza binti hivyo, wakacheka kidogo, wakaenda kulala. Hakulala hata mmoja.

Juma lililofuata binti alirudi kutoka kwa daktari akiwa amefungwa mashine: kiboksi kiunoni, mpira mwembamba chini ya blauzi, mkanda mkononi. Mashine ingejipima yenyewe saa ishirini na nne, kila nusu saa mchana na kila saa usiku. Kazi ya binti ilikuwa kuishi kama kawaida na kuandika kwenye daftari kila alichokuwa akifanya.

Hiyo kawaida ndiyo iliyomshinda mama. Aliondoa chumvi mezani. Akaifunika cherehani isipige kelele. Akawafukuza watoto waliokuwa wakicheza mpira chini ya dirisha, akamwomba fundi baiskeli wa mbele azime redio. Jirani alipoona kimya kimezidi, alichungulia ukutani akauliza kama kuna msiba au Mama Rubani amemtia mtoto kifungoni. Alijibiwa kwa kidole mdomoni. Mashine ikianza kuvuma, mama ameshafika, miwani puani, kusoma namba. Akiona mia moja arobaini anaguna, na akiguna, binti anamsikia. Usiku alivuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda.

"Mama, nenda kalale."

"Mbona nimelala. Wewe usinihesabu, fumba macho."

Walikwenda pamoja kurudisha mashine. Daktari, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alitoa karatasi ya namba, akaiweka kando ya daftari, akaanza kusoma kwa sauti. Saa tano asubuhi, mia moja ishirini na mbili: nimekwenda dukani peke yangu. Saa sita mchana, mia moja arobaini na nane: mama anasoma namba. Saa kumi jioni, mia moja kumi na nane: nimejilaza, mama yuko bafuni. Saa nane usiku, mia moja hamsini na sita: mama amesimama na tochi.

Daktari akainua macho. "Huyu mama mwenye tochi ndiye wewe?"

Mama alitamani ardhi ipasuke immeze. Binti aliuma mdomo akitazama dirishani, na mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia. Daktari hakukaripia. Alieleza kwamba presha ya mtu aliyelala hushuka, na huyu hakulala, kwa hiyo vipimo hivi havimsaidii yeyote. Atamfunga mashine mara moja tena, na hiyo ndiyo ya mwisho, kisha ataandika atakachokiona. Akauliza kama nyumbani kuna aliyewahi kuwa na presha. Mama alisema hakuna. Kisha akatazama viganja vyake akasema yuko mmoja, marehemu baba wa huyu.

Siku ya mashine ya pili ilipofika, binti alirudi amefungwa, akataka kwenda kulala kwa rubani mwenzake. Alilisema polepole, asimwumize. Mama alimwomba aketi kwanza.

"Ulikuwa na miaka saba," alisema. "Tulikuwa kwenye benchi, mimi na wewe. Baba yako kaingia kupimwa presha tu. Nesi kafunga mkanda, katazama, kakimbia kumwita daktari. Mlango ukafungwa, na baba yako hakutoka tena. Mimi nilikuwa nimekushika mkono. Nilikubana mpaka ukalia."

"Mkono naukumbuka," alisema binti. "Sura ya baba inanipotea. Mkono naukumbuka."

"Basi sikiliza. Mkanda haukumuua. Aliumwa miaka, akaficha, na mimi nikamsaidia kuficha. Mkanda ulisema kweli, ila ulichelewa kuulizwa. Ilinipasa nikwambie hivyo tangu zamani. Badala yake nikakubana, na nimekubana mpaka leo."

Binti alikitazama kiboksi kiunoni. "Sasa utaniachia lini?"

"Leo," alisema mama. "Lakini tuanze na usiku mmoja."

Binti akacheka, akabaki. Mama aliifunua cherehani, akashona sare za shule mchana kutwa, miguu ikikanyaga kwa hasira kidogo. Mashine ilivuma mara nyingi, na kila mara alikazana na mshono uliokuwa mbele yake. Watoto walirudi na mpira wao. Usiku aliufunga mlango wa binti kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kwake, akalala chali, macho dari. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mashine ikavuma saa sita, ikavuma saa saba, na saa nane miguu yake ilikuwa imeshafika sakafuni kabla yeye hajaamua. Aliiinua mmoja mmoja, akairudisha kitandani. Alfajiri alisikia kitu alichokuwa hajakisikia kwa majuma: binti akikoroma.

Kwa daktari mama alikataa kuingia. Daktari alitokeza kichwa, akasema namba za mashine ameziona, usiku zimeshuka vizuri, lakini sheria inataka ampime kwa mkono wake mara moja tena kabla ya kusaini. Kisha akafunga mlango.

Mama aliketi kwenye benchi. Ndani kiti kilisogezwa. Alisikia mkanda ukifunguliwa kwa ule mlio wake wa kuchanika, kisha pampu, fii, fii, kisha pumzi ndefu ya mpira ukilegea. Kimya. Pampu ikaanza tena. Alitaka kusogea asikie vizuri, akaikalia mikono yake yote miwili. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alimwuliza kama anaumwa. Akamjibu kwamba yeye haumwi, amesindikiza tu.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka, na binti akatoka akiteremsha mkono wa shati.

"Twende, mama," alisema. "Jumatatu nina safari ya alfajiri."