Siku ya Kuita Nyumba

Majivu ya jikoni yakimwagiwa maji ya chumvi hutoa harufu yake peke yake: ukali kidogo wa moshi uliolala, halafu kitu kama mwani uliokauka juani. Harufu hiyo ndiyo Kichangani kwangu. Alfajiri ya siku ya mwaka, kila mwanamke wa kijiji kile alizoa majivu yote ya jikoni mwake, akayabeba kwenye ungo mbovu, akayamwaga pale mawimbi yanapoishia, kisha akaingia baharini na nguo zake kuoga mwaka. Uchafu wa mwaka uliopita, homa zake na ugomvi wake, vyote viende na maji. Shangazi yangu Mwanaidi aliyasema maneno hayo kwa sauti, na akimaliza alimtupia jicho jirani yake, Bi. Kibibi, kuhakikisha kwamba ugomvi wao wawili haukwenda popote.

Kichangani kilikuwa mbele kidogo ya Moa, safu ya nyumba za udongo na makuti zilizobanwa kati ya mikoko na bahari, mahali ambapo mchanga haukutoka kitandani hata ukung'ute shuka namna gani. Nilipelekwa huko nikiwa msichana mdogo, mwaka ambao mama alijifungua mapacha dhaifu na baba, aliyekuwa kibarua wa mkonge upande wa Muheza, akaona heri mtoto mkubwa akalelewe na dada yake. Nilifika mwanzo wa masika nikilia, nikaondoka baada ya siku ya mwaka nikilia zaidi. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mkavu, mwenye maneno. Kazi yake ilikuwa kamba. Alifukia makumbi ya nazi kwenye tope la mikokoni mpaka yaoze, akayafukua yakinuka kiasi cha kumfukuza paka, akayaponda hadi ukabaki usumba mwekundu, kisha jioni akausokota juu ya paja lake. Mpaka leo nikishika kamba ya usumba nausikia mkwaruzo wa kiganja chake, kwa sababu ncha ya pili nilikuwa nikiishika mimi.

Ugomvi ulikuwa wa mnazi. Uliota uani kwa shangazi, lakini ulipokua ukapinda, kichwa ukakilaza juu ya ua wa Bi. Kibibi, na huko ndiko ulikoangushia nazi zake. Shangazi alisema nazi ni za mwenye shina. Bi. Kibibi, mwanamke mfupi mnene aliyekaanga vitumbua vya kuuza, alisema nazi ni za mwenye paa linalotobolewa. Wazee waliwasuluhisha hadi wakachoka wao. Mwisho Bi. Kibibi akaapa kwamba hatazila wala hatazirudisha. Akazirundika kando ya ua, zikachipua, zikawa kichaka kizima cha kiburi. Tangu hapo wakawa hawasemeshani. Shangazi akitaka moto, aliniambia mimi kwa sauti ya kuvuka ua: "Kamwambie huyo mwanamke anipe kaa moja." Nikivuka na kumwamkia shikamoo, Bi. Kibibi aliitikia marahaba, akanitilia kaa kwenye kigae, akanipa na kitumbua mkono wa pili. "Kamwambie huyo mwanamke kucha za mtoto zimekuwa ndefu, azikate." Nilikuwa tarishi wao, na nilinenepa kwa kazi hiyo.

Baada ya kuoga mwaka, kijiji kilizungushwa. Dume la ng'ombe lilitangulia, nyuma yake Mwalimu Hamadi wa chuo cha Kurani, kijana wakati huo, mwenye sauti ya kufika ng'ambo na chetezo cha ubani mkononi. Kisha sisi wote, nguo zikitiririka maji. Mbele ya kila nyumba Mwalimu alisimama akaita jina la mwenyewe, na wa nyumba ile wakajibu, "Tupo." Ikasomwa dua, watu wakasonga mbele. Nyumba isiyojibu ilihesabiwa imekufa, na mwaka uliofuata msafara uliipita kimya, hata kama kuta zake zilikuwa zimesimama. Ndiyo maana hata wagonjwa walibebwa mpaka mlangoni ili wajibu. Mwaka ule shangazi alikuwa amekaukwa na sauti kwa kifua, akanisukuma mbele. Jina lake lilipoitwa niliwatazama watu wote wale, nikasema "Tupo" kwa sauti nyembamba iliyopasuka katikati. Watu wakaangua kicheko. Bi. Kibibi, ambaye nyumba yake ndiyo iliyofuata, alisema bila kumtazama mtu, "Hata kuku wangu wangejibu kwa heshima zaidi." Kisha akaitwa yeye, akajibu kwa ngurumo. Shangazi alinibana bega mpaka likauma. Mchana tulikula nyama ya sadaka palepale mchangani, na nilijua, kama mtoto anavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba nami nimo.

Kimbunga kimekuja mwaka huu, masika yakielekea kwisha. Mvua tunaijua, upepo tunaujua, lakini kimbunga kwetu kilikuwa jambo la redioni, la nchi za watu. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu Muheza, nikisikia machungwa mabichi yakidondoka juu ya bati, na kila nikimpigia shangazi simu haipatikani. Njia ilipofunguka nilipanda bodaboda kutoka Moa. Kijana aliyenibeba akasimama mahali nisipopajua, nami nikamwambia aendelee. "Ndiyo hapa, mama," akasema. Minazi ilikuwa imelala yote upande mmoja, mingine ndani ya maji, na pale penye nyumba palikuwa na bahari ya rangi ya chai ya maziwa. Kilichobaki kimesimama ni ukingo wa kisima cha mawe, nao ukipigwa na mawimbi. Khanga za watu zilining'inia juu ya mikoko, juu kuliko ninavyoweza kufika. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, na yule kijana akazima pikipiki yake akaenda kusimama mbali.

Shangazi alikuwa amekwisha kuzikwa. Habari yake nilipewa na Bi. Kibibi, huko juu karibu na barabara, ambako walionusurika wamefunga maturubai. Alikuwa amekonda, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikamwamkia, akaitikia.

"Maji yalipoanza kuingia nilipita nyuma ya nyumba yake nikapanda huku," alisema. "Nilimwona yuko uani anakusanya kamba zake. Sikumwambia neno. Ningemwambiaje, mwanangu, na hatusemeshani?"

Nikamwambia haikuwa kosa lake.

"Ngoja nimalize. Yeye alikuwa amefika. Alikuwa hapa hapa barabarani, mzima, na kamba zake kichwani. Akawauliza watu, 'Huyo mwanamke yuko wapi?' Mimi nilikuwa nimejificha mvua kule ng'ambo ya barabara, hakuna aliyeniona. Akatua kamba zake chini, akarudi kunigongea mlango."

Wahenga wamesema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Sijui wangemwambia nini shangazi yangu, aliyekufa kwa ajili ya mtu asiyezaliwa naye, na ambaye hajala naye tangu mimi sijaota meno ya ukubwani. Nilitaka kumchukia Bi. Kibibi, angalau nipate pa kuuweka uchungu wangu. Nikatazama mikono yake, ile iliyonipa vitumbua, nikashindwa.

Siku ya mwaka ilipokaribia nilirudi. Nikakuta watu wanabishana. Vijana walitaka yazungushwe maturubai, kwa kuwa huko ndiko watu waliko. Wengine walisema kuzungusha maturubai ni kukikafini kijiji, kukivika sanda kwa mikono yetu. Mwalimu Hamadi, mzee sasa, sauti yake imebaki mchakacho tu, aliwasikiliza wote. "Mwaka huu twendeni kule zilikokuwa nyumba," akasema. "Wa mwakani anaujua Mungu." Hapakuwa na ng'ombe, palikuwa na mbuzi mmoja, na majivu yalikuwa machache, ya kuni za msaada. Yalipomwagiwa maji, harufu ikapanda ileile, nikalazimika kugeuka pembeni.

Tuliingia wakati wa maji kupwa, yakatufika mapajani. Utotoni kuita nyumba kulikwenda mpaka jua likawa kali, kwa vicheko na kusukumana. Safari hii majina mengi yalijibiwa na mtu mmoja, na mengine Mwalimu aliyaita, akangoja, akapita. Tulipofika upande wetu wanaume wakaanza kuulizana nyumba ya Mwanaidi ilikuwa wapi hasa, wakipima kwa macho kutoka kisimani. Bi. Kibibi akawapita, akatembea moja kwa moja ndani ya maji, akasimama. "Ukuta wake ulikuwa hapa," akasema. "Nimeununia miaka yote, nitaupoteaje?"

Mwalimu akaita, "Nyumba ya Mwanaidi binti Omari." Ndugu wa kujibu nilikuwa mimi. Nikafungua mdomo, sauti isitoke. Ubani ulikuwa ukizimika na Mwalimu bado anangoja, na nikamwona akianza kuinua mguu apite. Ndipo Bi. Kibibi akajibu kwa ngurumo yake ya zamani, ameukazia macho mahali palipokuwa mlango: "Tupo."

Dua ikasomwa. Mwalimu akasogea hatua chache akaita nyumba ya Kibibi binti Saidi, na mwenyewe, aliyesimama mbele ya Mwalimu, alikuwa ameufunika uso wake wote kwa khanga, mabega yanamtikisika. Nikamjibia mimi. Sauti ilitoka nyembamba, ikapasuka katikati kama ile ya utotoni, na hakuna aliyecheka.