Theopista na Bei ya Peke Yako

Siku ya kwanza nilidhani ni mtu wa kukagua leseni. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, viatu vya ofisini vimejaa vumbi la mtaa wetu wa Makanyagio, bahasha ya kaki kwapani, amesimama mlangoni kwangu akisubiri mashine ya kukoboa mpunga ipunguze kelele. Nikaizima mwenyewe. Mtu wa leseni ukimchelewesha anahesabu mpaka panya.

"Kaka Obadia? Mimi naitwa Theopista. Nafanya kazi ofisi ya manunuzi hapa mjini, ila leo sijaja kikazi. Nasoma."

"Unasoma? Mama mzima?"

"Mwaka wa nne huu. Masomo yenyewe ni ya miaka miwili."

Alikuwa anaandika utafiti wa shahada ya uzamili, juu ya mnunuzi na watu wanaomuuzia mali: wanaaminiana vipi, na kwa nini mkulima anabaki na mnunuzi yule yule. Kazini alikuwa ananunua karatasi na wino wa printa, lakini msimamizi wake wa chuo alitaka mpunga, ndiyo maana akaja kwangu ninayeununua. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara mbili. Mwisho ni Septemba. Asipokabidhi, anafutwa, na miaka minne inakuwa bure.

"Na mimi napata nini?" nikamuuliza.

"Hupati kitu."

"Angalau unionyeshe wanasemaje juu ya wanunuzi wenzangu."

"Majibu ya watu ni siri, kaka."

Nikampa nafasi kwenye lori langu la Fuso hata hivyo. Mwezi wa nne huwa napeleka magunia matupu kwa wakulima wa kijiji cha Mamba, na mama wa ofisini mwenye mafaili akionekana kwenye kabini yangu, mimi ndiye ninayeonekana mkubwa. Dizeli ni ile ile.

Tulipopita Sitalike alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Ndani ya hifadhi ya wanyama mbung'o wakamuuma vifundoni na hakuamka. Alipoamka akaomba radhi kama aliyevunja sahani. Akanieleza kwamba anaamka saa kumi kila siku, anaandika mpaka watoto waamke, halafu ofisini. Mumewe yuko Inyonga kwenye asali, anarudi akijisikia. Baba yake alikuwa kibarua wa reli pale stesheni, na katika watoto saba ni yeye tu aliyefika kidato cha sita. "Nikiacha sasa," alisema, "watasema bora ningeacha zamani."

Mamba biashara yangu inaendeshwa kwa magunia. Ukipokea magunia yangu kabla ya mavuno, mpunga wako ni wangu. Na bei nampa kila mtu chumbani kwake, kwa sauti ya chini: hii ni ya peke yako, usimwambie jirani. Kila mmoja anajiona mpendwa. Kazi hiyo nimeifanya tangu nilipokuwa nanunua kwa baiskeli.

Theopista akagawa madodoso tisini na sita. Kila swali lina visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa". Machibya, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi na majaruba mengi ya mpunga kuliko wote pale, akakiangalia kile cha mwisho.

"Mama mwalimu, hiki ndicho kizuri?"

"Hakuna kizuri, baba. Weka unavyoona mwenyewe."

"Basi niwekee hicho. Kurasa zote."

Mwezi mmoja baadaye Theopista akaja mashineni, akakaa juu ya gunia la pumba bila kupangusa.

"Msimamizi amekataa. Watu tisini na sita, jibu moja. Anasema nimejaza mwenyewe nyumbani."

Nikacheka. "Kwani ulishuka kwenye gari la nani, mama? Ulikuwa mgeni wangu. Nani angenisema mbele ya mgeni wangu, na magunia bado yanashushwa?"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Mtaalamu wa wauzaji na wanunuzi ni wewe."

Hakucheka. Akasimama, akaniambia nisimpeleke tena, na nisimpigie simu mtu yeyote wa Mamba. Nikakubali. Sikuona hatari yoyote.

Alikuwa na siku sita za likizo. Akapanda basi, akamalizia kwa bodaboda, akalala kwa mjane mmoja wa kanisani. Safari hii hakugawa karatasi. Aliwakusanya uwanja wa kupuria mpunga, akawauliza wote pamoja: kwa nini mnamuuzia Obadia? Yaliyofuata alinisimulia Machibya mwenyewe.

Mtu mmoja alisema, "Mimi ananipa bei ya peke yangu."

Wa pili akageuka. "Ya peke yako? Na mimi je?"

"Wewe alikupa ngapi?"

Wakatajiana. Kwanza wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu wakaanza kuhesabu walivyopunjwa. Theopista akaandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya mwenyekiti wa kijiji.

Nilipokwenda kununua, mizani ilikuwa imening'inizwa uwanjani. Hakuna lumbesa ya kushindilia gunia mpaka lifurike, hakuna kuingia chumbani kwa mtu.

"Karibu, bosi," Machibya akasema. "Siku hizi sote ni wapendwa wako. Bei moja."

Nikabishana mpaka jua likanichosha. Mwisho nililipa, maana nikirudi mtupu mashine inalala.

Theopista alikabidhi zikiwa zimebaki siku kumi na moja. Akafaulu, baada ya masahihisho mawili. Mumewe hakuja kwenye mahafali. Ofisini wakamwambia muundo wa vyeo umebadilika, nafasi aliyokuwa anaisomea haipo tena. Cheti kimo kabatini, yeye yuko kwenye meza ile ile, bado anaagiza karatasi na wino.

Aliniletea nakala ya utafiti wake. Humo ndani naitwa Mnunuzi A. Nilisoma ukurasa mmoja tu: Mnunuzi A haaminiwi, ila ndiye pekee anayefika na magunia barabara ikiwa bado tope. Sikuona la kubisha.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitalala, kaka."

Msimu huu nimepeleka magunia Mamba kama kawaida. Wamepokea nusu. Nusu nyingine wamenunua wenyewe, na mpunga wake watamuuzia wamtakaye.