Mkono Wangu Ndani ya Mfuko wa Ba

Nasema bila kuona haya: hapa Kasese hakuna mwanamke anayenishinda kupima kitambaa. Miaka kumi na sita nimesimama nyuma ya meza ya duka la Ba, na mkono wangu unaijua yadi sita hata nikifumba macho. Akina mama wa Kitswamba wakija kununua vitenge vya harusi huniulizia mimi, na nisipokuwepo hungoja. Nilizaliwa Butembo, ng'ambo ya mpaka, nikabatizwa huko, na kiburi changu nilitoka nacho huko. Vita vilininyang'anya mengine, hicho hapana.

Ba ndiye mwenye duka. Neno hilo kwa lugha yao ni mama, na mtaa mzima humwita hivyo. Ni mjane wa Kihindi, mfupi, mkali wa macho. Kila asubuhi, kabla hatujafungua, aliketi kwenye chumba cha nyuma mbele ya picha ya mungu wao wa kike aliyempanda simba, akamwita mara mia na nane, akihesabu kwa shanga kama sisi tunavyohesabu rozari. Maneno yenyewe ni manne: Om Dum Durgayei Namaha. Mimi nilikuwa nikifagia huku nayasikia, hadi siku moja nikamuuliza anasema nini.

Alinieleza kwamba Durga, jina la mungu huyo, ni ngome, mahali ambapo adui hafiki. Dum haitafsiriki, ni mbegu ya jina lile, na kuitamka ndiko kuipanda. Namaha ni kuinama, ni kusema hili si langu, ni lako. Om hunyanyua yote. Nikamwambia kwamba basi kila asubuhi anaingia ngomeni kwa kuinama, kama mtu anayepita mlango mfupi. Alicheka, akasema amepata Mkatoliki mwenye masikio. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Mwaka juzi Ba alipata kiharusi. Ulimi ulikufa kabisa, na mkono wa kulia pamoja nao. Akiwa kitandani, hawezi kuomba hata maji, aliweka ahadi moyoni: ulimi ukirudi, katika zile siku tisa ambazo wao humtukuza mungu huyo, atalisema jina lake mizunguko kumi na moja kila siku, na kila mzunguko ni shanga mia na nane. Ulimi ulirudi, mzito, lakini wake. Mkono haukurudi. Na kwao shanga huhesabiwa kwa mkono wa kulia tu.

Mwanawe, mtu mzima anayefanya biashara Kampala, alimpigia simu akamshauri asijisumbue. Siku hizi simu inahesabu, na ukitaka inaimba yenyewe hadi jioni. Ba alimsikiliza hadi mwisho.

"Simu haikuahidi kitu," akamjibu. "Mimi nilisema, mimi nitamaliza."

Alimjibu kwa Kiswahili kwa sababu nilikuwa mbele yake, na alipokata simu aliutazama mkono wangu. Sikungoja aniombe.

Siku za soko mimi hushuka Bwera na robota la vitenge, kwa dada yangu mkubwa, yaya kwa lugha ya kwetu, mwenye meza pale. Nilikwenda kumwarifu kwamba siku tisa asinitegemee kila mara. Damu ilimchemka.

"Uko Mukristu," alisema. "Utaacha soko juu ya kuhesabia mama Muhindi shanga?"

"Yaya, kinywa changu iko ya Bikira Maria," nikamwambia. "Nitamukopesha mukono tu."

Jibu hilo lilinipendeza mwenyewe. Nilipanda gari la kurudi Kasese nikijipiga kifua.

Shanga zile hazihesabiwi hadharani. Hukaa ndani ya mfuko mwekundu wa kitambaa, mkono unaingia humo, na kidole cha shahada kinatolewa nje kwa tundu la pembeni. Ba alisema kidole hicho ndicho tunachowanyooshea watu tukiwalaumu, hivyo hakina kazi kwenye sala. Alinionya pia shanga zisiguse sakafu. Basi. Nikaketi kushoto kwake, yeye akafumba macho, na kila aliposema namaha nilivuta ushanga mmoja kwa dole gumba juu ya kidole cha kati.

Siku nne tulikwenda vizuri. Nilipogusa ushanga mkubwa wenye kishada nilijua mzunguko umekwisha, nikasema "Moja, Ba," nikaupita, nikaendelea na unaofuata, kama ninavyoupita ushanga wa Baba Yetu tangu nikiwa mtoto. Sikupoteza hesabu hata mara moja. Sauti yake ilianza kunyooka, na mimi niliota mapembe. Siku ya soko nilimpigia dada nikamwambia labda nilizaliwa kwa kazi hii.

Asubuhi ya siku ya tano, nilipokwisha kuuingiza mkono mfukoni, Ba alinisimulia habari za mama yake. Ba alipokuwa mdogo, mama huyo alimchapa vidole kwa sababu aliruka mlima. Mlima ndio ushanga ule mkubwa. Ukiufikia hupiti juu yake. Unazigeuza shanga na kurudi ulikotoka. Kuuvuka ni kumkanyaga mwalimu wako kichwani, na mizunguko yote ya siku hiyo haihesabiwi. Alicheka akikumbuka, kwa kuwa kwake hilo ni jambo la utotoni, ambalo mtu hafikirii kumfundisha mtu mzima.

Mkono wangu ulipoa ndani ya mfuko. Siku nne nilikuwa nimemkanyaga huyo mwalimu, kila siku, mzunguko baada ya mzunguko. Na hakuna aliyeona. Mfuko ulikuwa umefunika kila kitu, macho ya Ba yalikuwa yamefumbwa, na mimi tangu hapo ningeweza kugeuza vizuri kabisa na mambo yakaisha. Sitadanganya: nililitaka hilo. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona, na mimi aibu siijui sana. Lakini ahadi ilikuwa yake, ulimi ulikuwa wake, na nikinyamaza angekwenda kaburini akidhani ametimiza.

Nikamwambia. Nilisema, Ba, nimeuruka mlima, siku zote nne.

Ba aliutazama mfuko. Halafu akauliza kama hesabu yenyewe ilikuwa kamili. Nikasema kamili. Akauliza sasa imebaki mizunguko mingapi. Nikapiga hesabu kichwani: kumi na moja kwa siku tano zilizobaki, na arobaini na minne niliyoiharibu, jumla tisini na tisa. Ishirini kwa siku, na siku ya mwisho kumi na tisa.

"Basi tunaanza," alisema. "Na ukifika mlima, geuza."

Sijawahi kuona kazi kama ile. Muda wa saa tatu na zaidi kila asubuhi, ulimi mzito ule, maneno yale manne. Nilimchemshia maji ya tangawizi, akanywa kati ya mizunguko bila kufumbua macho. Wateja waligonga mlango. Niliwaambia wangoje au waende. Siku nyingine ya soko ilifika, nikampigia dada kumwambia nimekosea na ninarekebisha, kwa hiyo sishuki. Nilitegemea kelele.

"Basi umalize muzuri," akasema.

Siku ya tisa mwanawe alifika kutoka Kampala kabla hatujaanza. Ba alimweleza yote kwa lugha yao, nami nilijua wamefika kwenye kosa langu kwa jinsi mwanawe alivyogeuka kunitazama. Hakunitukana, ni mtu wa adabu. Alivua viatu, akanawa mikono, akaja akanyoosha mkono wa kulia apewe mfuko. Ni damu yake, ni dini yake, na anajua mlima tangu utotoni. Hata mimi niliona ana haki. Nilianza kuuvua mkononi.

Ba alinishika kwa mkono wake mzima, wa kushoto. Akaacha lugha yao, akasema kwa Kiswahili ili nisikie.

"Huyu aliruka, akaniambia. Mfuko ilifunika, hakuna mutu aliona. Wewe ungeniambia?"

 Mwanawe akaushusha mkono wake, akaketi sakafuni nyuma yetu. Nikatoa kidole cha shahada nje ya tundu, nikaushika ushanga wa kwanza, nikamngoja Ba aanze.