Kwale Aliyekimbia Mbele Yetu

Utotoni mwangu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, hakuna ndege niliyemtafuta kwa macho kama kwale. Nyanya yangu, ambaye sisi tuliotoka Bukavu tulimwita Koko, alituambia kwamba kwale akikimbia mbele yako njiani bila kuruka, mgeni yuko safarini, wahi ukaweke maji motoni. Akiruka, basi tena, mgeni amegeuza. Na mgeni wangu mimi alikuwa mmoja tu: mama, tuliyepotezana naye tulipokimbia vita.

Mchana mmoja tulikuwa tunarudi na kuni, mimi, Koko na kaka yangu Amani, kwale akachomoka kichakani akashika njia yetu. Lo, miguu ile! Amani, mwenye hamu ya nyama kuliko ya mgeni, akatoa manati. Nikamng'ata mkono, tena nikamng'ata kwelikweli. Tukamfuata kwa kunyata, kuni kichwani, pumzi tumeibana. Anakimbia, anasimama, anatutazama, anakimbia tena. Hakuruka. Kwenye nyumba za kwanza akaingia shamba la soya, akatoweka. Nikatupa kuni nikatimua mbio kwenda kuwasha moto mwenyewe.

Koko alipika foufou, ugali wetu wa muhogo, akaongeza sahani moja. Jua halijazama, hodi ikapigwa. Nikaruka hadi mlangoni. Alisimama mwanamke nisiyemjua, cherehani ya mkono kichwani, ameelekezwa kwetu na watu wa kanisa apate pa kulala. Nililia kwa hasira, nikamwambia Koko kwale wake ni mwongo.

"Mi nilisema mugeni njo anakuya," akajibu. "Sikusemaka mama yako. Musogezee kiti."

Nikamsogezea, nimenuna. Alikula sahani ya mama akaimaliza, kisha akanishukuru mimi.

Mama hajaja hadi leo, na bado inaniuma. Mgeni yule, Mama Neema, hakuondoka. Ndiye aliyenifundisha kushona, na siku ya harusi yangu ndiye aliyeketi kwenye kiti cha mama.

Sasa nashona nguo mtaani Nsungwi, jijini Lilongwe. Nikienda kumwona kule kambini, hupanda kabaza, baiskeli ya abiria, kutoka barabarani, na kwale akitokea mbele ya baiskeli humsihi kijana anayeiendesha apunguze mwendo, ndege asije akaruka. Hudhani naogopa kuanguka. Kumbe ni moyo, unanidunda vilevile kama zamani.

Juzi niliingia kwake nikaanza kabla hata ya salamu: "Mama, kwale hakuruka!"

"Najua, mutoto wangu," akasema, akivuta kiti. "Mayi iko ku moto tangu asubui."