Chura wa Anselmo na Jumapili ya Venant

Saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Mei 1978, Anselmo Sikazwe ameinama kwenye dimbwi la Nsemulwa, suruali imekunjwa hadi magotini, anafukuza chura. Anataka dume. Majike matatu ameshayarudisha majini kwa heshima zote.

Anselmo, 41, ni msaidizi wa mifugo mjini Mpanda, mshahara shilingi 480 kwa mwezi. Vyura hawana fungu la fedha, anajikamatia mwenyewe. Hao ndio wanaompimia mimba za punda.

"Watu wananiita Bwana Chura," anasema. "Nimezoea. Ila mwaka jana iliniuma."

Kazi yenyewe haina uchawi. Mimba ya punda ikitimiza siku arobaini hivi, ndani ya mji wa mimba hutengenezwa homoni inayoingia kwenye damu. Chura dume akidungwa maji ya damu hiyo, baada ya saa chache mbegu zake huonekana kwenye mkojo, ukiutazama kwa hadubini. Lakini homoni haikai. Mwezi wa nne ukipita huisha, hata kama mtoto yumo.

Hapo ndipo alipoumbuka. Mwaka juzi Venant, mkulima wa tumbaku wa Katumba, alileta punda wake akaapa kwamba amepandwa "kama miezi miwili hivi". Chura hakutoa kitu. Anselmo akatangaza hana mimba, punda akaendelea kutwishwa mizigo. Juni iliyofuata akazaa katikati ya foleni ya kupima tumbaku, kijiji kizima kikitazama. Mtoto alinusurika kwa rehema za Mungu. Jina la Anselmo halikunusurika.

Leo Venant amerudi na mkewe, Donatille, kusubiri majibu ya damu iliyochukuliwa jana. Msimu wa kusomba tumbaku umeanza, na Donatille hana mzaha.

"Kama ana mimba, hata debe la maji habebi," anasema. "Safari hii tukimtwisha, mtoto ataharibika."

Anselmo naye anajua kwamba akikosea tena, hakuna atakayemwamini. Kabla ya kushika sindano anauliza: alipandwa lini?

Venant anakohoa. "Juzijuzi tu, ndugu."

"Juzijuzi gani?" Donatille anamgeukia. "Ilikuwa Jumapili ya Matawi! Ulisema tumbo linakukata, misa huwezi. Kumbe ulimpeleka punda kwa dume la Libérat, mwenyewe kaniambia. Na ile mara ya kwanza, mwaka juzi, ilikuwa Pentekoste, hiyo nayo ukaificha!"

Mtu mzima, baba wa watoto sita, alipunguza miezi mitatu ya mimba ya punda, mitano ikawa miwili, ili mkewe asijue alikosa misa. Anselmo anacheka mpaka anakaa chini. Kisha anahesabu: siku sitini na tisa. Muda wenyewe hasa.

Saa saba mchana anainua kichwa kutoka kwenye hadubini. "Zimejaa tele! Mama, punda wako ana mimba."

Donatille anapiga vigelegele, halafu anamuuliza mumewe nani sasa atabeba marobota ya tumbaku. Venant anaangalia mabega yake mwenyewe.

Anselmo sasa ana mpango. "Chura hajawahi kunidanganya," anasema. "Wenye punda ndio wananimaliza." Amemwomba Ambrosi, katekista wa Katumba, orodha ya wanaume wanaokosa misa, apate tarehe za kweli. Ambrosi amekubali kwa sharti moja: orodha aifuate mwenyewe, Jumapili, baada ya kusali.

"Nitakwenda," anasema Anselmo. "Ndoo ya vyura nitaiacha nje ya kanisa."