Wimbo wa Mama na Programu ya Bure

Sijawahi kudharauliwa kwa kitu cha halali kama nilivyodharauliwa na kamati ya kwaya ya kigango chetu. Kosa langu ni kwamba programu ninayorekodia muziki chumbani kwangu, hapa Izia, ni huria. Walioitengeneza wameiacha wazi, anayetaka aichukue, hata aifumue aone ilivyoundwa. Nilijaribu kadhaa za namna hiyo. Moja iligandisha kompyuta yangu kuukuu kila nikiongeza sauti ya tatu. Nyingine ilikuwa na vitufe vingi mpaka nikachoka. Hii niliichagua kwa sababu ni nyepesi, na haigusi sauti ya mtu mpaka uiamuru.

Hilo la mwisho nililitaka kuliko yote, maana wimbo wa kurekodi ulikuwa wa mama. Aliutunga mwenyewe kwa Kifipa, wa kushukuru mavuno ya ulezi. Mama huanza peke yake, chini kidogo ya noti, halafu anaivuta sauti taratibu mpaka inafika. Ikifika tu, wenzake wa kwaya wanajua ni zamu yao, wanaingia.

Nikatundika mablanketi ukutani kuzuia mwangwi, nikaenda kumwambia mwenyekiti wa kwaya na kamati yake kwamba nitawarekodia mimi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo programu yako uliinunua wapi?”

Nikamweleza kwamba hainunuliwi. Akacheka, akawageukia wanakamati wenzake.

“Sasa binti, Mungu tumwimbie kwa kitu cha bure?”

Nilitaka kumuuliza neema ya Mungu huwa anailipia dirisha gani. Nikameza, kwa sababu ni mkubwa wangu.

Wakaenda kwa prodyuza mmoja wa mjini mwenye programu ya bei mbaya. Bei mbaya huko ilikotoka. Yeye aliinakili tu kutoka kwenye flashi, kufuli lake limeshavunjwa, na hata hafichi jambo hilo. Yaani ya halali ilikuwa aibu mbele ya Mungu, ya wizi ikawa sadaka safi. Nikikumbuka, damu hunichemka.

Wimbo ulipotoka ulisambaa simu hadi simu, mpaka Matai, mpaka Kasanga. Prodyuza alikuwa ameinyoosha sauti ya mama. Kule kuivuta taratibu hakupo. Inaanzia juu moja kwa moja, imenyooka kama bati jipya. Mama aliusikilizia kwenye simu ya jirani, akauliza, “Huyu mwanamke anayeanzisha ni nani?”

“Si ni wewe, mama,” jirani akamjibu.

Mama akaomba urudiwe.

Nilidhani mimi na mama tungekasirika pamoja. Wapi. Kwaya sasa inafanya mazoezi kwa kufuata rekodi ile, na anayeonekana kukosea ni mama. Wamemwambia, kwa adabu zote, kwamba anachelewa kufika kwenye noti. Mtu anachelewa kwenye wimbo alioutunga mwenyewe, na watu wazima wanaitikia kwa vichwa.

Jumamosi iliyopita nilimkuta uani akipepeta ulezi, anauimba wimbo ule. Nikakimbilia kompyuta na maiki, nikaviweka karibu naye, nikawasha programu yangu.

“Mama, imba kama ulivyokuwa unaimba zamani. Mimi sibadilishi kitu.”

Akaweka ungo chini, akaifunika maiki kwa kiganja chake.

“Subiri kwanza, mwanangu,” akasema. “Bado sijaujua vizuri.”