Anayemshikia Mume Wangu Kitufe cha Kushoto

Admin, jina langu lifiche, na ninapouzia samaki pia usipataje, maana ukisema tu upande gani wa Buzuruga watu wameshanijua. Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo, shule niliishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja, mtanisamehe. Mdomo ninao lakini. Habari za mtaa huu zinapita kwangu kabla hazijafika kwa wenyewe. Hata sasa naandika huku nacheka, ila msidanganyike na kicheko.

Mume wangu alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto wote ukalala. Daktari akasema mdomo uko sawa, kuongea anaweza. Lakini baba watoto alinyamaza. Namlisha, namgeuza, namwogesha, namhadithia nani kafumaniwa na nani kafunga duka, yeye anaangalia ukuta. Akitaka maji ananyoosha kidole. Nikasema basi, nitaongea kwa niaba ya wote wawili.

Sasa ikaja hii gemu. Wa umri wangu mnakumbuka enzi za ruksa, kila kitu kilipoanza kuingia, mitumba, televisheni, na pale karibu na stendi pakafunguliwa kibanda cha video gemu. Mashine moja ilikuwa ya gololi. Gololi inashuka kwenye kioo, unabonyeza kitufe cha kulia na cha kushoto, vifimbo viwili vinairudisha juu isidumbukie shimoni. Kitufe cha kushoto kilikuwa kibovu, mpaka ukikandamize kwa mikono miwili, kwa hiyo vijana wakazoea kucheza wawili wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, wamebanana bega kwa bega. Mimi wakati huo nilikuwa bado kwetu Ukerewe, haya yote nimehadithiwa.

Juzijuzi wenye gemu yao wameitoa upya, ya kwenye simu. Binti yetu akamwekea baba yake. Wale vijana wa kibanda, sasa wana vipara na vitambi, wakasikia wakaanza kuja kumwona mgonjwa, maana yeye ndiye alikuwa fundi wao. Mngewasikia mngecheka. Mmoja anatoka Usagara, hata maji hajanywa ameshalalamika, "Gololi hii nyepesi bwana, ya kwetu ilikuwa inakwenda kama ina akili." Wa Mkolani anasema mlio wameuharibu. Mwingine aliposikia ule muziki wa kuanzia alitoka nje, nikamkuta nyuma ya nyumba anafuta macho. Mume wangu anacheza na dole gumba la kulia peke yake, kila gololi inapita kushoto inadumbukia. Wenzie wakawa wanaangalia chini.

Ndipo wakamleta Neema, si jina lake. Mjane, mpole, kaja na sukari kilo, "Habari za mgonjwa, dada?" Akakaa kando ya mume wangu, akaunyanyua ule mkono uliolala, akauweka kwenye simu, akaweka wake juu. Gololi ikaja kushoto, akabonyeza. Baba watoto akamgeukia akasema, "Subiri ishuke. Una haraka kama zamani."

Mwaka mzima nilikuwa sijaisikia sauti ile. Sinia la chai liliniponyoka.

Nikamvuta yule wa Usagara uani. "Huyu nani?"

Akanishangaa. "Shemeji, wewe leo ndiye unayeuliza habari? Si ndiye aliyekuwa anamshikia kushoto. Jamaa alishapeleka mpaka posa, mzee wa binti akasema hataki mkwe wa kibandani, akamuoza Musoma."

Nyumba ya kila mtu naijua, ya kwangu imenipita.

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumamosi. Ubaya sijawakuta nao, naapa. Wanainamia kisimu kimoja vichwa vimegusana, wanaongea kidogokidogo. Nikiingia na chai, mume wangu anarudi ukutani kwake. Majirani nao wameshaanza, nikifika bombani maongezi yanakatika. Najua maana yake, mimi ndiye niliyewafundisha.

Nikaamua nijifunze. Najifungia jikoni na simu ya binti, naunguza samaki wateja wananung'unika, lakini gemu nimeijua, nawapita hata hao wa vipara. Siku moja nikakaa pale anapokaa Neema. Nikaunyanyua mkono wa mume wangu, huohuo ninaouosha kila asubuhi, nikauweka kwenye simu, wangu juu. Gololi ikaja, nikasubiri ishuke, nikairudisha vizuri kabisa. Mkono wa kushoto hauwezi kujinasua, kwa hiyo aliniangalia tu. Akasema, "Siyo wewe."

Tangu augue, hayo ndiyo maneno aliyonipa mimi.

Nikampigia Neema asije tena. Hakugomba. "Sawa dada, mwenye nyumba ni wewe." Jumamosi ikapita. Mume wangu kashinda na simu mapajani, haigusi, macho mlangoni. Uji kakataa. Kesho yake uji kakataa. Halafu akaja dada wa mazoezi kutoka hospitali, akaushika ule mkono, akaniita, "Mama, njoo uone, vidole vinaanza kupata nguvu. Sijui mnamfanyia nini humu ndani, ila msiache." Nikacheka, nikamwambia tunamwombea.

Ndugu zangu wa ukurasa huu, namba ya Neema iko hapa mbele yangu na kesho ni Jumamosi. Mgonjwa wangu msimtukane, mnipe akili tu. Nisipompigia, huyu mtu atakufa na njaa ananiangalia. Nikimpigia, mkono utapona, na mguu nao utafuata. Siku akisimama mwenyewe, atatembea kwenda wapi?